Kisanduku Kilichopokea Salamu Tu

Mimi huandika polepole. Darasa la tatu mwalimu alikuwa akifuta ubao nikiwa bado kwenye mstari wa pili, na kwa kuwa sikuwa mtoto wa kunyoosha mkono na kusema bado, daftari langu lilijaa sentensi zisizo na mwisho. Nilimaliza la saba hivyo hivyo, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikabaki nyumbani Malindi, hii ya milimani Lushoto si ile ya pwani, kumkatia ng'ombe majani.

Ng'ombe alikuwa mmoja, wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe. Baba alimpata kupitia ushirika wa maziwa miaka michache kabla hajafariki. Enzi za ushirika gari lilipita barabara ya juu kila asubuhi, na mama alikuwa akipanda na ndoo yake wakati ukungu haujaondoka, anapimiwa, anarudi. Kisha ushirika ukafa. Tuliambiwa soko sasa ni huria, kila mtu auze anakotaka. Kwetu uhuria huo ulikuwa na maana moja tu, kwamba gari halikuja tena. Chumba cha kukusanyia maziwa kikawa duka la vocha za simu na soda. Wenye kabichi na karoti walipata malori kutoka Dar, lakini maziwa hayawezi kulala barabarani yakisubiri lori. Mama aliwauzia majirani vikombe viwili vitatu, na majirani wengi walikuwa na ng'ombe wao. Yaliyobaki alikuwa akiyamwaga kwenye shina la mgomba, uso ameugeuzia upande.

Sikupenda kumwona akimwaga. Nikaanza kujaribu. Nilichemsha maziwa, nikayakamulia limau, yakakatika. Nikayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu nilichokifua mara nyingi, nikayafunga, nikayakandamiza kwa jiwe la kusagia. Donge lililopatikana nililipaka chumvi nikaliweka kwenye kibanda chetu cha kuhifadhia viazi, pale kwenye ukuta wa udongo unaopata baridi ya kijito. La kwanza liliota ukungu. La pili likawa chungu. La nne lilikaa siku nane, na tulipolikata lilikuwa jeupe na halikunuka. Mama alitafuna taratibu, akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia hakuna. Siku hiyo hakumwaga kitu.

Muda si mrefu tukasikia habari za mradi. Wageni fulani pamoja na Waswahili waliosoma walikuwa wamefungua shamba ng'ambo ya pili ya mji wa Lushoto, wanatengeneza jibini na jamu, na walitaka kuchukua wasichana kumi na wawili kuwafundisha kwa mwaka mzima. Elimu ya msingi ilitosha. Atakayemaliza angepewa vyombo vya kuanzia kwao, na mradi ungenunua jibini yake. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Mstari wa mwisho ulisema maombi yote yatumwe kwa mtandao.

Mama hakujua mtandao ni nini, ila alijua barua. "Andika," aliniambia. "Andika taratibu, lakini andika yote."

Niliandika kwa siku tatu, baada ya kukamua mchana, kwenye kurasa za katikati za daftari. Mama alikaa jikoni anamenya viazi, ananiambia cha kuandika kwa Kishambaa, mimi nakigeuza Kiswahili. Nilikuwa nimeanza hivi: Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, najua kutengeneza jibini. Nilipomsomea aliacha kisu.

"Umepiga hodi?"

"Mama, ni barua ya maombi."

"Ndiyo nakuuliza. Umeingia nyumba ya watu hujapiga hodi, hujaamkia, hujauliza wameamkaje, umeshakaa kwenye kiti unaomba. Watasema mtoto huyu hana mama."

Nikafuta. Tukaanza na shikamooni. Hatukujua watakaosoma ni wa dini gani, basi mama akasema tuweke salamu ya Kiislamu na ya Kikristo, asije mtu akaona amerukwa. Tukauliza hali zao, za watoto wao na za kazi. Tukawapa za kwetu, mvua, maharage, viazi. Tukafikisha salamu za mama, za baba mdogo, za majirani. Ndivyo barua zinavyoandikwa kwetu, na ndivyo watu wanavyozungumza. Ukikutana na mtu mzima njiani Malindi, hata kama nyumba yako inaungua, utaamkia kwanza, na yeye ataitika kwanza.

Baada ya salamu ndipo nilipoandika ya kwangu. Siku ya tatu nzima ilikuwa yangu. Niliandika habari za limau na jiwe la kusagia, donge la kwanza mpaka la nne, na lilivyokaa siku nane. Niliandika kwamba sijui kwa nini la pili lilikuwa chungu na kwamba ningependa sana kujua. Sijawahi kuongea na mtu maneno mengi kama yale. Mama hakuongeza neno hapo. Alisema, "Hayo unayajua wewe."

Nilishuka Lushoto kwa gari la kabichi, nimekaa juu ya magunia, barua imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu msitu wa Magamba hauachi kudondosha maji. Sehemu ya mtandao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za kilimo, kompyuta nne, moja mbovu. Kijana aliyeisimamia alikuwa wa rika langu, amevaa kofia ya sufu. Alinifungulia ukurasa wa mradi. Kulikuwa na maswali manne kwa Kiswahili, na chini ya kila swali kisanduku cheupe. Jina, kijiji, elimu niliyajaza. La nne lilisema: Tueleze kuhusu wewe na kwa nini unataka kujifunza. Chini ya kisanduku hicho palikuwa na maandishi madogo ya kijivu kwa Kiingereza. Nilidhani ni jina la aliyetengeneza, kama lile linaloandikwa chini ya sufuria.

Nikaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Herufi kwenye kibao hazikupangwa kama tulivyofundishwa shuleni, kila moja niliitafuta. Muda ukapita. Nyuma yangu walikuja watu wawili, mwanamume mwenye bahasha na kijana wa shule, wakasimama.

"Dada," alisema yule wa kofia, "unaandika au unachambua maharage?"

Wale wawili wakacheka. Nilihisi masikio yamepata moto. Nilikuwa sijamaliza hata kuwajulia hali.

Kisha umeme ukakatika na kurudi, na vyote nilivyoandika vikawa vimekwenda. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu sauti yake ilibadilika. Alivuta kiti akakaa pembeni. "Sikia. Hapa kwenye ukurasa usiandike, mtandao ukikatika yote yanapotea. Hiyo barua nipe, nitakuandikia kwenye wodi, ile programu ya kuandikia, kule haipotei. Tukimaliza nakopi yote, napesti humu mara moja. Hesabu tunaanza upya."

Aliandika kwa vidole kumi, bila kutazama mikono. Kurasa zangu nne za siku tatu alizimaliza kabla mtu wa bahasha hajachoka kusimama. Hakubadilisha neno, hilo nampa haki yake. Hata "baba mdogo anawasalimu" aliliandika, akitabasamu. Kisha akaivuta rangi ya bluu juu ya barua yote, akabonyeza, akarudi kwenye ukurasa wa mradi, akabonyeza tena ndani ya kisanduku. Maneno yakaingia yote kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kuona kazi yangu inakwenda kasi namna ile. Nilitaka kucheka kwa furaha.

Kisanduku kilikuwa kidogo, kinaonyesha mistari michache tu. Niliona mistari ya salamu nikaamini mingine imekunjwa chini, kama karatasi inavyokunjwa ndani ya bahasha. Ilinijia nimwombe ateremshe nione mwisho wake. Lakini kijana wa shule aliguna, na mtu wa bahasha akatazama saa yake, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kuwachelewesha watu.

"Imeingia," alisema wa kofia. "Tutume?"

"Tuma."

Ukurasa ukajibu: Asante, maombi yako yamepokelewa. Niliyasoma maneno hayo mara mbili ili nimpelekee mama kama yalivyo.

Tulisubiri msimu mzima wa mvua. Mama aliwaambia majirani kwamba barua imepokelewa, kwamba wamejibu asante. Alianza kutunza matambara safi. Majina yalipobandikwa kwenye mlango wa kata nilikwenda peke yangu, nikasoma kumi na mawili kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

Mama aliniuliza jambo moja tu. "Uliandika yale uliyonisomea?"

"Niliandika."

"Ya limau? Ya jiwe?"

"Yote."

Hakunibishia. Lakini tangu siku hiyo nilimwona ananitazama nikiwa nimeinamia jambo lolote, nafuma au nafunga kamba ya ng'ombe, kama mtu anayekadiria. Alidhani nimefupisha. Alidhani uvivu wa mkono wangu umetunyima, na mimi, nisiyejua jambo lingine, nikaanza kudhani hivyo hivyo. Au kwamba niliandika yote na wakayaona ni ya kitoto. Hili la pili liliniuma zaidi. Sikutengeneza donge la tano. Kila nilipotazama limau nilisikia watu waliosoma wakicheka.

Ng'ombe aliuzwa mwaka uliofuata, maumivu ya mguu wa mama yalipozidi na mimi peke yangu nikawa siwezi majani na shamba. Alinunuliwa na mchinjaji. Hakuna mfugaji aliyemtaka. Nani alikuwa anatafuta maziwa mengine ya kumwaga?

Nami nikaenda mjini kutafuta kibarua, na kibarua nilichopata kilikuwa kule kule kwenye mradi. Kuosha chupa za jamu, nikishuka alfajiri na kurudi kwa mama jioni. Walinichukua bila barua wala kisanduku, kwa kuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha alijifungua. Nilisimama kwenye sinki pamoja na maji ya moto, na kupitia mlango ulio wazi niliwaona wasichana waliovaa makoti meupe wanageuza madonge ya jibini kwenye rafu. Niliona kwamba wanayageuza kila siku. La kwangu la kwanza sikuligeuza. Nilijifunza hilo kwa kuchungulia.

Chupa zikikauka tulizipanga kwenye maboksi, na katikati tulitia karatasi kuukuu zilizofinyangwa ili zisigongane zikisafirishwa. Karatasi zilitoka ofisini kwa magunia. Asubuhi moja nilichukua moja, na kabla sijaifinyanga nikaona jina langu. Chini yake kijiji changu. Chini yake swali la nne, na jibu. Nalinakili hapa kama lilivyokuwa, kwa sababu karatasi hiyo ninayo:

"Shikamooni wakubwa wetu wa mradi. Assalaam alaykum kwa Waislamu na Bwana Yesu asifiwe kwa Wakristo. Natumaini hamjambo nyote pamoja na watoto na kazi zenu. Hali ya baridi huko ikoje? Huku kwetu Malindi ukungu ni mwingi ila tunamshukuru Mungu kwa kila jambo. Mvua imekuja vizuri, maharage yamestawi, viazi vimepata ugonjwa kidogo. Sisi ni wazima isipokuwa mama anaumwa mguu. Mama anawasalimu sana, baba mdogo anawasalimu, na majirani wote wanawasalimu. Baada ya salamu hizo, dhumuni la barua hii ni ku"

Basi. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Hajajibu swali.

Nilisimama na karatasi ile mpaka maji yakapoa. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene mwenye kupenda utani, alikuja kuona kwa nini chupa hazitembei. Aliichukua, akaisoma, akacheka kwa kifua chote.

"Kumbe ni wewe? Mwenzangu, hii tuliisoma ofisini watu wakashika mbavu. Mmoja akasema huyu hakuja kuomba nafasi, amekuja kutualika harusi."

"Niliandika na mengine, mama."

"Yako wapi?"

Aliona kwamba sicheki, akanirudishia karatasi na kunigusa bega. "Ungesema shida yako mwanzoni, mwanangu. Watu walikuwa wengi." Alisema kwa upole. Ingekuwa rahisi kwangu kama angesema kwa ubaya.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwa yule kijana wa kofia. Sasa alikuwa na kompyuta sita na kofia nyingine. Hakunikumbuka, ila karatasi aliielewa upesi. Alifungua ukurasa wa mradi, ambao kwa bahati ulikuwa bado upo, akaonyesha yale maandishi ya kijivu kwa kidole. "Hapa wamesema mwisho herufi mia tano, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa." Kisha akanifanyia jaribio ambalo sikumwomba. Alibonyeza herufi moja mfululizo ndani ya kisanduku mpaka zikafika mahali zikagoma. Alibonyeza na kubonyeza, hakuna kilichoongezeka.

"Unaona? Ukiandika kwa mkono, kinakukatalia. Unajua kimejaa." Akafuta. Akachukua habari ndefu kutoka mahali pengine, akaipesti. Iliingia kimya, na ilipoteremshwa chini ilikuwa imekatwa katikati ya neno. Hakukuwa na rangi nyekundu, wala mlio, wala neno. "Ukipesti, kinachukua kinachokitosha, kingine kinatupa. Hakisemi. Aliyekitengeneza angeweza kukifanya kiseme, ni kazi ndogo tu. Hakufikiria."

"Na wewe ulijua?"

Alitazama kibao. "Siku ile? Sikusoma. Wateja walikuwa wengi."

Nilimshukuru, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Njiani nilipanga mambo kichwani. Kama angeniacha na kidole changu kimoja, nikichambua maharage yangu mpaka jioni, ningegonga ukuta pale pale kwenye salamu. Ningebonyeza, herufi ingekataa, ningeuliza kwa nini, na mtu angenisomea Kiingereza kile. Ningefuta majirani. Ningefuta mvua na viazi. Labda ningebakiza shikamooni na donge la nne, na vyote viwili vingeenea. Maisha yangu yote nimeona haya kwa sababu ya upole wa mkono wangu, na siku moja upole huo ungenifaa, siku hiyo hiyo nikasaidiwa.

Nilipofika Malindi sikujua kama nimwonyeshe mama. Nikimwonyesha, angejua kwamba sikufupisha. Pia angejua ni nini kilichojaza kisanduku. Nilikaa nayo wiki nzima kwenye mfuko wa sweta. Mwishowe ilikuwa ni macho yake yaliyonishinda, yale ya kukadiria, nilipokuwa nashona kifungo. Nikaitoa nikamsomea, kwa Kiswahili kisha kwa Kishambaa, mpaka kwenye "ku". Nikamweleza kisanduku kinavyokata.

Alinyoosha mguu mbaya kando ya moto. Nilisubiri alie, au aseme nisamehe, na nilikuwa nimeandaa la kumwambia. Alichoniuliza hakikuwa hicho.

"Kwa hiyo salamu zilifika."

"Zilifika."

"Zote. Ya baba yako mdogo pia."

"Zote, mama."

"Na hakuna aliyeitika?"

Niligeuza karatasi, ingawa nilijua upande wa pili hauna kitu. Nilitafuta marahaba kana kwamba huenda nimeiruka. Palikuwa na wino mwekundu tu, na mikunjo ya kukaa katikati ya chupa.

"Hakuna," nikamwambia.

Mama alivuta kanga akafunika mguu. "Basi hao," alisema, "hata ungefika kwao na jibini mkononi." Hakumaliza. Tangu siku ile hakunitazama tena kwa kukadiria, na hatujawahi kuizungumza barua hiyo. Kibanda cha viazi bado kina jiwe lile kwenye rafu ya ukutani, kavu. Mimi bado naosha chupa zao, na kila asubuhi nikipita ofisini naamkia.